Namba ya Hewa Haipandishi Gari Kitale

Kijana aliyeleta hedi ile ya injini gerejini kwetu Bungoma alikuwa ameifunga kwa blanketi. Aliiweka mezani polepole, akafunua upande wa matundu ya hewa, akarudi nyuma hatua moja ili nione vizuri. Matundu yalikuwa yamechongwa kwa grainda na kupigwa msasa mpaka yakang'aa kama sufuria ya harusi. "Khocha," akasema, "hii inapitisha mia moja na tisini. Yangu ya zamani ni mia moja na tano tu." Nikamuuliza ilipimwa kwa mvuto gani, na valvu ikiwa imefunguka milimita ngapi. Akanionyesha simu. Kwenye picha aliyotumiwa na muuzaji palikuwa na namba mbili, moja kubwa na moja ndogo. Basi.

Gari lake ni Toyota Trueno ya 1990 yenye injini ya 4A-GE. Analiendesha kila wiki kati ya Bungoma na Kitale, na alikuwa ameuza ng'ombe kulipia hedi hiyo. Simlaumu hata kidogo. Nimeyasikia maneno yake Kitale, Webuye na Kimilili, kwa vijana wa Corolla na kwa vijana wa Subaru, na nimeyasikia kwa mafundi wenzangu ambao wangepaswa kujua zaidi. Hii ni rai iliyoenea, inagharimu watu pesa na injini, na naamini kwa dhati kwamba ni potofu.

Wacha niieleze kama wanavyoieleza wenyewe, bila kuipunguzia. Injini ni pampu ya hewa. Petroli haiungui bila oksijeni, kwa hiyo hewa ikiingia nyingi, mafuta mengi yataungua na nguvu itapatikana. Mlango wa hewa ni hedi, na hedi ya kiwandani ilimiminwa kwa ajili ya watu wote, ina kingo mbaya na kona zinazoweza kulainishwa. Ukizichonga, hewa itapita zaidi. Ili kujua nani amechonga vizuri, ziwekwe hedi mbili kwenye benchi la kupimia hewa, na inayopitisha futi nyingi zaidi ndiyo bora. Kisha wanaongeza hoja wanayoona haina jibu: sisi tunaishi juu, hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo tunahitaji matundu makubwa kuliko mtu wa Mombasa.

Kila sentensi hapo ina ukweli ndani yake. Kosa liko katika zile mbili za mwisho, na katika yale yasiyosemwa.

Kwanza, namba isiyotaja mvuto haisemi lolote

Benchi la kupimia hewa ni kitu rahisi. Hedi inafungwa juu ya sanduku, feni inavuta hewa kupitia tundu, na mpira wenye maji unaonyesha ukali wa mvuto kwa inchi za maji. Ndipo unaposoma ni futi ngapi za ujazo zinapita kwa dakika. Wachongaji wengi wa Marekani hupima kwa inchi 28. Wenye feni dhaifu hupima kwa inchi 10. Hewa haiongezeki sambamba na mvuto. Inafuata kipeuo chake cha pili. Ukitaka kugeuza namba ya inchi 10 iwe ya inchi 28, unaizidisha kwa 1.67.

Nilimwomba kijana ampigie muuzaji, amuulize tu kila namba ilitoka kwenye inchi ngapi. Jibu likaja: mia moja na tisini ni ya inchi 28, na ile mia moja na tano aliitoa kwenye jaribio la mtu mwingine, la inchi 10. Tukachukua kalamu. Mia moja na tano mara 1.67 ni kama 176. Kwa hiyo ile tofauti ya futi 85, iliyoonekana kama hedi mpya imekaribia kuwa maradufu ya zamani, ilikuwa futi 14. Asilimia nane. Ng'ombe mzima kwa asilimia nane, na hapo bado hatujauliza swali la pili.

Watu wa Trans Nzoia hawawezi kudanganywa hivi kwa mahindi. Ukimwambia mkulima wa Kiminini kwamba gunia lako lina tisini na la jirani lina arobaini na tano, atakuuliza papo hapo: tisini ni kilo au ni gorogoro? Huyohuyo akishika simu yenye picha ya hedi, haulizi.

Tena mvuto si jambo la pekee linalofichwa. Ndani ya injini valvu hufungukia karibu na ukuta wa silinda, na ukuta huo huziba sehemu ya njia. Benchi la haki huweka bomba lenye kipenyo sawa na silinda chini ya hedi. Asiyeweka bomba hilo anapata namba kubwa ambayo injini haitaiona kamwe. Mwingine hubandika udongo laini wa mviringo mdomoni mwa tundu ili hewa iingie kwa ulaini, huku mwenzake akipima mdomo mtupu. Hedi zilizopimwa kwa njia tofauti hivi hazijalinganishwa, hata zikiandikwa kwenye karatasi moja.

Pili, kilele hicho valvu haikifikii

Namba inayotangazwa karibu kila mara ni ile ya juu kabisa, na mara nyingi inachukuliwa valvu ikiwa imefunguliwa milimita 11 au 12. Kemshafti za kiwandani za injini hizi tunazoendesha huinua valvu milimita 7 hadi 9 hivi. Huyu kijana hakununua kemshafti. Alilipia hewa inayopita mahali ambapo valvu yake haitafika hadi gari liuzwe chuma chakavu.

Hesabu ya valvu inaeleweka na yeyote aliyesoma shule ya msingi. Chukua valvu yenye kipenyo cha milimita 30. Ikifunguka milimita 7.5, yaani robo ya kipenyo chake, mwanya unaoizunguka unakuwa na eneo sawa na uso wa valvu yenyewe. Chini ya hapo, anayeamua kiasi cha hewa ni mwanya huo: siti, ukingo wa valvu, na sentimita moja ya njia iliyo jirani nao. Tundu pana lililo nyuma halina usemi. Na valvu hupita kila kiwango cha chini mara mbili, ikifunguka na ikifunga, wakati kilele inakigusa mara moja tu. Sehemu kubwa ya maisha ya valvu ni huko chini, ambako karatasi ya muuzaji haina hata mstari mmoja.

Kwa hiyo kazi yenye faida ni ile isiyopigiwa picha: kukata siti kwa pembe tatu, 30, 45 na 60, ukingo wa kuzibia ukiwa na upana sahihi na ukikaa mahali pake kwenye valvu. Ni kazi ya subira. Haing'ai. Ukifungua hedi ya kuchongwa ukakuta matundu yanang'aa na siti zimeachwa na makovu ya zamani, umekutana na mtu aliyefanya kazi kwa ajili ya macho yako.

Tatu, tundu kubwa hulegeza hewa

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana hapa ndipo rai hiyo inapojipinga yenyewe.

Pistoni ikifika chini na kuanza kupanda, valvu ya kuingiza hewa huwa bado iko wazi. Kinachozuia hewa isirudi ilikotoka ni mwendo wake yenyewe: hewa inayokuja mbio huendelea kujisukuma ndani ya silinda hata pistoni ikiipandia. Ukipanua eneo la tundu kwa asilimia 20, kwa ujazo uleule, mwendo unashuka kwa asilimia 17 hivi, na nguvu iliyomo katika mwendo huo inashuka kwa asilimia 30. Kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika huwezi kuhisi hasara hiyo. Kwenye mizunguko 2,000, hewa iliyolegea inasukumwa nje na pistoni, na petroli iliyokosa upepo wa kuibeba inashikamana na ukuta wa tundu kama umande, kisha inaingia silindani kwa mikupuo. Gari linasita na kunuka mafuta, kisha mwenyewe anasema injini inataka kufunguliwa zaidi.

Toyota walilijua jambo hili katika injini hiihii. Hedi za kwanza za 4A-GE, zilizotoka 1983 na kuwekwa kwenye AE86, zilikuwa na matundu makubwa. Makubwa mno kwa mwendo wa chini, kiasi kwamba ilibidi waongeze mtambo walioupa jina T-VIS: vipepeo vinavyofunga nusu ya njia za hewa mpaka injini ivuke mizunguko 4,000 na kitu. Yaani mtengenezaji alitumia pesa kuziba matundu aliyoyatengeneza, ili gari liweze kuendeshwa mjini. Ilipofika 1989 walirekebisha: matundu yakapunguzwa, vipepeo vikaondolewa, mgandamizo ukapandishwa kutoka 9.4 hadi 10.3, na injini ya soko la Japani iliyokuwa na nguvu farasi 120 ikawa na 140. Sehemu ya ongezeko hilo ni ya mgandamizo, sikatai. Lakini jambo moja halipingiki: walipunguza matundu, na nguvu haikupungua.

Trueno ya kijana huyu ni ya 1990. Hedi yake ya zamani ni ile ya matundu madogo. Aliyemuuzia nyingine alichukua hedi ya aina hiyohiyo, akaipanua kwa grainda mpaka ikafanana na ile ambayo Toyota waliiacha, bila vipepeo vya kuiokoa. Kijana alilipa ili kazi ya miaka sita ya wahandisi ifutwe.

Anayedhani hili ni la magari ya wanyonge aangalie magari ya mashindano. Tangu 1995 sheria za ubingwa wa dunia wa rali ziliyalazimisha magari ya turbo ya daraja la juu kuvuta hewa yote kupitia kizibo chenye kipenyo cha milimita 34. Hewa ya kilele ikawa na ukomo uleule kwa kila timu. Ni kwa Impreza iliyozibwa hivyo Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997, katika barabara zetu hizihizi za tope na mawe. Wahandisi walipokosa ruhusa ya kuongeza kilele, walihamia kwenye nguvu ya mizunguko ya chini na ya kati, kwa sababu huko ndiko gari linakoishi linapotoka konani.

Na la kwetu linaishi wapi? Toka Bungoma uelekee Webuye, kisha ushike Misikhu, Kamukuywa, Kiminini hadi Kitale. Unapanda karibu mita 500 kwa jumla. Kila soko lina matuta. Kwenye kila tuta unashuka hadi gia ya pili, mizunguko inaanguka hadi 1,500, halafu unataka gari likuvute juu likiwa na watu watatu nyuma na viazi kwenye buti. Mizunguko 7,000 utaikuta wapi? Kwa gari la aina hiyo, gia ya tatu ikifika huko umeshavuka kilomita 110 kwa saa, yaani umeshavunja sheria ya mwendo. Hedi iliyochongwa kwa ajili ya kilele imechongwa kwa sekunde chache ambazo huna barabara wala ruhusa ya kuzitumia, na umezilipia kwa kila tuta la Kamukuywa.

Nne, mlima haufidiwi kwa grainda

Sasa ile hoja yao kuu, ya hewa nyepesi. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, Bungoma kama 1,400. Kanieneo ya hewa Kitale ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, na Bungoma ni kama asilimia 85. Ni kweli injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yake ikitolewa Mombasa ikaletwa Kitale, na ni kweli unaihisi hata kutoka Bungoma kwenda Kitale.

Lakini tazama kinachopimwa. Benchi linahesabu futi za ujazo. Injini inataka uzito wa oksijeni. Futi moja ya ujazo ya hewa ya Kitale ina oksijeni pungufu, iwe imepita tundu jembamba au pana. Kwenye mizunguko 2,500 hedi ya kiwandani si kizuizi hata kidogo. Silinda ina muda wa kutosha kujaza hewa yote ambayo mlima umeiruhusu. Kupanua mlango wa ghala hakuongezi mahindi yaliyomo ndani.

Kinachoweza kufidia mlima kinajulikana. Turbo hufidia, kwa sababu inaisukuma hewa yenyewe. Mgandamizo hufidia kiasi: hewa nyepesi hujaza silinda kwa kanieneo ndogo, kwa hiyo injini ya Kitale inaweza kuvumilia mgandamizo mkubwa kidogo kabla ya kuanza kugonga. Kuskimu hedi kwa kipimo, na kupanga upya taiming, kunampa mtu wa Kitale faida anayoihisi kwenye tuta la kwanza. Kuna sharti moja ambalo fundi mwaminifu atalisema kabla ya kupokea pesa: gari hilo likishuka Mombasa na mzigo, kwenye joto, litagonga. Hilo ndilo jambo la kuzungumza kuhusu mwinuko. Badala yake tunabishana kuhusu namba iliyopatikana katika chumba ambacho hakina mlima.

Na wengi wanaochonga hedi hufuatisha kwa kutoa kasha la filta na kufunga filta ya wazi ya umbo la pia, karibu kabisa na ekzosi. Hewa ikiingia ikiwa na joto la digrii 10 zaidi, uzito wake unapungua kwa asilimia tatu hivi. Kati ya zile asilimia nane za kijana, tatu zinapotea papo hapo, na vumbi la barabara ya murramu linaingia mahali pake.

Tano, gharama ambayo haiko kwenye picha

Gereji yetu haina benchi la kisasa, kwa hiyo tulijitengenezea moja. Sanduku la mbao, mota mbili za kufyonzea vumbi, kibati chenye tundu la kipimo, na mpira mwangavu uliopigiliwa kwenye ubao kando ya rula, ndani yake maji yenye wino wa buluu. Haliwezi kukupa namba ya kutangaza. Linaweza kukuambia kwa uhakika ipi kati ya hedi mbili inapitisha zaidi, mvuto ukiwa uleule, bomba la silinda likiwa lilelile, na valvu ikisukumwa na bolti milimita mbilimbili huku geji ikisoma.

Tulipima zote mbili, ya zamani na ya kuchongwa, tundu kwa tundu, kwa milimita 2, 4, 6 na 8. Kwenye 8, ya kuchongwa ilishinda, na kijana akanitazama. Kwenye 6 zilikaribiana. Kwenye 4 na 2, hedi ya zamani yenye masizi ilipitisha zaidi, kwa sababu siti za ile mpya zilikuwa zimeguswa na grainda na ukingo wake umekuwa mpana kama ukanda. Kisha tukalinganisha matundu ya hedi mpya yenyewe kwa yenyewe. La kwanza na la nne yalifanana. La tatu lilikuwa nyuma waziwazi. Injini yenye silinda zinazopumua tofauti haiwezi kupangwa vizuri: kompyuta ya gari inapima hewa ya zote kwa pamoja na kugawa petroli sawasawa, hivyo silinda moja inaungua ikiwa na njaa na nyingine imeshiba. Picha ya muuzaji ilikuwa ya tundu moja. Ni rahisi kubahatisha ni lipi.

Tundu la pili ndilo lililopitisha zaidi kuliko yote. Sikulifurahia. Nikaingiza kidole, nikapapasa dari yake, mahali ambapo maji ya kupoza injini hupita upande wa pili wa aluminiamu. Palikuwa na bonde ambalo kwenye hedi ya zamani halipo. Tukaziba njia zote za maji kwa vibati na raba, tukaacha moja ya kuingizia hewa ya kompresa, tukaizamisha hedi kwenye pipa.

Tulisubiri. Uso wa maji ulitulia. Kisha viputo vikaanza kupanda kutoka tundu la pili, vidogo, kimoja baada ya kingine, kwa mstari ulionyooka. Kijana aliinama juu ya pipa akavitazama kwa muda mrefu, akajifuta mikono kwenye lile blanketi, akatoa simu.